Sumu Pekee Haimalizi Panya

Katika vijiji vya Kibera kama vile Kambi Muru, Makina na Mashimoni, na vilevile katika mitaa ya Kawangware, wachuuzi wenye vipaza sauti hupita wakinadi dawa ya panya, mende na kunguni. Biashara hiyo haikosi wateja. Panya hutoboa mifuko ya unga, hukata nyaya za umeme, huharibu sare na vitabu vya shule, na usiku hupita juu ya watoto waliolala. Mkaazi hununua paketi moja, panya watatu au wanne hufa, nyumba hutulia kwa wiki chache, kisha kelele za darini huanza upya.

Wengi hudhani sumu waliyouziwa ilikuwa hafifu. Huenda ikawa hivyo, lakini mara nyingi sababu ni nyingine. Panya waliokufa wameacha nyuma yao shimo, chakula na maji. Nyumba za mabati na udongo zilizoshikana ukuta kwa ukuta hazina mpaka kwa panya, kwa hiyo wa nyumba ya pili huhamia palipobaki wazi. Mradi meza imeandaliwa, wageni hawatakosekana.

Makala haya yanaeleza panya ni mnyama wa namna gani, madhara anayoleta, faida ambayo binadamu amepata kutoka kwake, na hatua ambazo familia, wenye nyumba na wafanyabiashara wanaweza kuchukua.

MNYAMA ANAYEMFUATA BINADAMU

Panya ni wa jamii ya wanyama wagugunaji, pamoja na kindi, nungunungu na fuko. Meno yao ya mbele hayakomi kukua maisha yao yote, hivyo ni lazima wagugune ili kuyapunguza. Ndiyo sababu panya hutafuna hata kitu asichokila, kama vile waya.

Panya wa mijini ni wa aina tatu hasa. Yupo yule mdogo wa nyumbani, anayeweza kujificha ndani ya kabati au godoro. Yupo panya mweusi, hodari wa kupanda, anayependa darini. Na yupo panya mkubwa wa kahawia, anayechimba mashimo kando ya mitaro na majaa. Wote watatu asili yao ni Asia. Walifika Afrika kwa vyombo vya biashara, ndani ya shehena za nafaka, na tangu hapo wameishi palipo na watu kwa sababu watu ndio wanaowalisha.

Uzazi wao ni wa kasi. Mimba huchukua takriban wiki tatu, na mzao mmoja huwa na watoto sita hadi kumi. Watoto hao huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi miwili au mitatu. Wakibaki panya wachache tu baada ya sumu kutegwa, na chakula kikiwapo, idadi yao hurejea kama ilivyokuwa katika muda wa miezi michache.

Panya pia ni mwangalifu. Akikuta chakula kigeni, huonja kidogo na kungoja. Kikimdhuru haraka, yeye akinusurika hatakirudia. Kwa sababu hiyo, sumu nyingi zilizosajiliwa hutengenezwa zifanye kazi polepole, kwa siku kadhaa, kwa kuzuia damu kuganda. Anayetaka kuona panya akianguka papo hapo huishia kununua sumu kali isiyo na jina, na hapo hatari humgeukia mwenye nyumba.

HOMA ISIYO MALARIA

Kati ya Septemba na Oktoba 2008, watafiti walitega panya katika makaazi ya Kibera ili kuchunguza ugonjwa wa leptospirosisi. Kati ya panya 224 waliopimwa figo, 41 walikuwa na viini vya ugonjwa huo. Hao ni takriban 18 katika kila panya 100. Utafiti huo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2013, haukuhesabu watu waliougua. Ulionyesha kwamba viini vipo, na vipo karibu na mahali watu wanapolala na kupika.

Leptospirosisi huletwa na bakteria wanaoishi katika figo za wanyama. Panya mwenyewe haonyeshi dalili. Hutoa viini hivyo kupitia mkojo, navyo huweza kuishi kwa wiki kadhaa katika maji yaliyotuama au udongo wenye unyevu. Binadamu huambukizwa viini vinapoingia kupitia mkwaruzo au kidonda, au kupitia macho, pua na mdomo. Mtoto anayecheza pekupeku kwenye mtaro, kijana anayezibua maji machafu bila viatu vya mpira, na familia inayotoa matope ndani ya nyumba baada ya mvua, wote wako katika hatari. Ng'ombe, nguruwe na mbwa pia huweza kubeba viini hivyo.

Mara nyingi dalili hujitokeza kati ya siku 5 na 14 baada ya kuambukizwa. Homa hupanda ghafla, kichwa huuma sana, misuli huuma hasa ya ndama za miguu, na macho huwa mekundu. Baadhi ya wagonjwa hutapika. Ugonjwa ukizidi, macho na ngozi huwa njano, figo hushindwa kufanya kazi, na mgonjwa huweza kutokwa na damu. Wengine hufa.

Tatizo ni kwamba siku za mwanzo dalili hizi hufanana na za malaria au homa ya matumbo. Mgonjwa hununua dawa ya malaria dukani, akangoja, na siku za thamani zikapita. Mwezi Julai 2022, ugonjwa usiojulikana ulizuka katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania (si kijiji cha Lindi cha Kibera). Watu 20 walikuwa wameugua na 3 kufariki wakati vipimo vilipobaini kuwa ni leptospirosisi. Wizara ya Afya ya huko iliuita homa ya mgunda, yaani homa ya shambani.

Ugonjwa huu unatibika kwa antibiotiki, na tiba hufaa zaidi ikianza mapema. Anayepata homa baada ya kukanyaga maji ya mafuriko, kuzibua mtaro au kuishi kwenye nyumba yenye panya wengi aende kituo cha afya na amwambie mhudumu jambo hilo waziwazi. Mhudumu asipoambiwa, huenda asifikirie kupima.

Panya huweza pia kuchafua chakula kwa bakteria wa kuharisha, na jeraha la kuumwa naye huweza kuoza. Utafiti mwingine, uliofanyika katika nyumba 99 kote Nairobi kwa ushirikiano na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), ulikuta panya na ndege wa mjini wakibeba bakteria sugu kwa dawa, ingawa kwa kiwango cha chini kuliko watu na mifugo. Wanyama wanaokula taka zetu hubeba pia usugu uliotokana na dawa zetu.

SOMO LA MWAKA WA 1902

Vita vya Nairobi na panya vina umri karibu sawa na wa mji wenyewe. Reli ilifika hapa mwaka wa 1899. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1902, tauni ilizuka katika soko la Wahindi. Wakati huo wanasayansi walikuwa wamekwisha kutambua kiini cha tauni, kazi iliyofanywa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka wa 1894. Mwaka wa 1898, Paul-Louis Simond alionyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaomwambukiza binadamu.

Hatua iliyochukuliwa Nairobi ilikuwa moto. Maafisa wa kikoloni waliamuru soko lote liteketezwe. Watu walipoteza maduka na makaazi, lakini mji ulijengwa upya bila mitaro ya kutosha wala utaratibu mzuri wa kuondoa taka, na tauni ikarudi katika miaka iliyofuata. Mwaka wa 1913, Profesa William Simpson alitumwa kuchunguza hali ya usafi, na miongoni mwa mapendekezo yake yalikuwa kuwatenga wakaazi kwa misingi ya rangi. Badala ya kila mtaa kupewa maji safi, mitaro na uzoaji wa taka, mtaa wa maskini ulionekana kuwa ndio ugonjwa wenyewe.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Moto wa 1902 na paketi ya sumu ya leo zina kasoro moja: zinamshambulia panya na kuacha kilichomleta.

PANYA WA BARABARA YA MBAGATHI

Mwendo mfupi kutoka Kibera, kwenye Barabara ya Mbagathi, yapo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya (KEMRI). Huko, kama ilivyo katika ILRI na Chuo Kikuu cha Nairobi, panya hawafukuzwi. Hufugwa kwenye vizimba safi, hupewa chakula maalumu, na afya zao huandikwa vitabuni. Hawa si panya waliokamatwa mitaani. Ni vizazi vya panya waliozalishwa kwa ajili ya maabara, wengi wao weupe.

Wanasayansi huwatumia panya kwa sababu viungo vyao na sehemu kubwa ya jeni zao hufanya kazi kama za binadamu, na kwa sababu maisha yao ni mafupi, hivyo athari za dawa huonekana mapema. Dawa mpya ya malaria, kwa mfano, hujaribiwa kwanza kwa panya kabla ya mtu yeyote kupewa.

Mfano maarufu ni penisilini. Tarehe 25 Mei 1940, katika Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza, kundi la Howard Florey liliwadunga panya wanane bakteria wa kuua. Wanne walipewa penisilini na wanne hawakupewa. Kufikia asubuhi, wale wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa, na waliopewa walikuwa hai. Penisilini ni mojawapo ya dawa ambazo madaktari hutumia hadi leo kutibu leptospirosisi, ugonjwa ambao panya mwenyewe huusambaza.

Kenya nayo imeupa ulimwengu mgugunaji wa ajabu. Fuko asiye na manyoya huishi chini ya ardhi katika maeneo kame ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Jennifer Jarvis, aliyeanza kumchunguza mnyama huyu akiwa Nairobi, alieleza mwaka wa 1981 kwamba huishi kama nyuki: malkia mmoja ndiye anayezaa, na wengine humtumikia. Fuko huyu huweza kuishi zaidi ya miaka 30, ilhali panya wa nyumbani hufikisha miaka michache tu. Ni nadra pia kwake kupata saratani, na kwa sababu hiyo maabara nyingi duniani humchunguza ili kuelewa uzee na saratani kwa binadamu.

Matumizi haya yana mipaka. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, hairuhusu majaribio kwa wanyama bila leseni. Watafiti pia hufuata kanuni tatu zilizowekwa na William Russell na Rex Burch mwaka wa 1959: kutumia njia nyingine badala ya mnyama inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Zaidi ya hayo, dawa iliyomponya panya si lazima imponye mtu, na ndiyo maana majaribio kwa binadamu hufuata baadaye, kwa hiari na kwa hatua.

PANYA BUKU WA MOROGORO

Jirani zetu wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens hufundisha panya buku kunusa. Panya buku ni mnyama wa Afrika, mkubwa na mpole, mwenye macho dhaifu na pua kali. Hufundishwa kwa kupewa kipande cha ndizi au karanga kila anapotambua harufu inayotakiwa.

Baadhi hufundishwa kunusa baruti ya mabomu ya kutegwa ardhini. Kwa kuwa ni wepesi, hupita juu ya bomu bila kulilipua. Panya buku aliyeitwa Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alipelekwa Kambodia na kugundua zaidi ya mabomu 100 kabla ya kustaafu mwaka wa 2021. Mwaka wa 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, panya wa kwanza kupata heshima hiyo. Alikufa Januari 2022.

Wengine hunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo humchukua mtaalamu mwenye hadubini siku kadhaa. Sampuli ambayo panya ameitilia shaka hupimwa tena maabara kabla ya mgonjwa kuambiwa lolote. Kwa njia hiyo, wagonjwa wengi ambao vipimo vya kliniki viliwapita wamepatikana. Hapa Nairobi, vituo vya afya hutumia hadubini na mashine za GeneXpert, na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma hayalipiwi. Mwenye kikohozi cha muda mrefu asikae nyumbani.

KAZI YA NANI?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la huduma za afya, uondoaji wa taka na udhibiti wa wanyama. Taka isipozolewa kwa wakati, mkaazi ana haki ya kuuliza, na afisa wa afya ya umma wa wadi ndiye wa kwanza kuulizwa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo inataka ghala lolote la chakula lijengwe kwa namna ya kuzuia panya. Hilo linamhusu mwenye kinu cha kusaga unga na mwenye duka la nafaka.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Kwa kawaida methali hiyo hutumiwa kuwasema watu wengi wanaotegeana kazi. Ploti yenye nyumba kumi ikiweka sumu katika nyumba moja tu, shimo litabaki vilevile. Zote kumi zikifanya usafi siku moja, panya hukosa pa kukimbilia.

HATUA ZA KUCHUKUA

1. Ondoa chakula. Weka unga, mchele na maharagwe kwenye debe au ndoo yenye kifuniko kigumu, kwa kuwa panya hutoboa gunia na mfuko wa plastiki. Osha vyombo kabla ya kulala. Mama mboga na wauza vyakula wafagie mabaki kibandani jioni, wasiyaache hadi asubuhi.

2. Funika maji. Pipa, mtungi na tangi viwe na vifuniko. Rekebisha mfereji unaovuja.

3. Ziba matundu. Panya mdogo hupita kwenye tundu la upana wa kalamu, na mkubwa hupita palipo na upana wa kidole gumba. Tumia saruji, bati au waya wa kusugulia sufuria. Matambara na karatasi hayamzuii.

4. Ondoa maficho. Mbao, matairi na magunia ya zamani yasirundikwe ukutani. Taka iwekwe kwenye pipa au gunia lililofungwa, ikabidhiwe kikundi cha uzoaji taka cha mtaa, isitupwe mtaroni.

5. Tega mtego. Mtego wa kunasa ni salama kuliko sumu katika nyumba yenye watoto. Uweke kando ya ukuta, kwa kuwa panya hupenda kupita hapo.

6. Sumu iwe ya mwisho. Nunua tu iliyofungwa, yenye lebo na nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu (PCPB). Usichanganye sumu katika kikombe au sahani ya kulia, wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Iweke mahali ambapo mtoto, kuku na paka hawafiki. Paka na bundi wakila panya mwenye sumu huweza kufa, na mtaa ukapoteza wasaidizi wake.

7. Safisha kwa maji. Usifagie kinyesi cha panya kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake huingia puani. Kinyunyizie maji yenye dawa ya klorini, ngoja dakika chache, kisha ukipanguse ukiwa umevaa glavu. Panya aliyekufa mtie katika mifuko miwili iliyofungwa, kisha unawe mikono kwa sabuni.

8. Jikinge na maji machafu. Vaa viatu vya mpira unapozibua mtaro au kutoa matope, na funika vidonda.

Mtu akiumwa na panya, oshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto akimeza sumu, usimtapishe wala usimpe maziwa ukingoje. Mkimbize hospitalini na ubebe paketi ya sumu hiyo. Sumu ya kuzuia damu kuganda ina tiba, lakini daktari ni lazima ajue mtoto alimeza nini. Mtoto anaweza kuonekana mzima kwa siku mbili tatu kabla damu haijaanza kumtoka, kwa hiyo usingoje dalili.